Ripoti ya damu ikisema "staf koagulesi negativu": vile utaisoma na maswali ya kuuliza daktari

Kama uko na karatasi ya kalcha ya damu (ile ya kuotesha wadudu) mkononi, iwe ni ya mzee wako, ya mtoto ama yako mwenyewe, na pale kwa jina la mdudu wameandika Staphylococcus epidermidis, ama S. hominis, ama wamefupisha tu CoNS, yaani hao staf koagulesi negativu, wakaachia hapo, usikimbie kemisti na pia usiifungie kwa droo. Mimi ni mtu wa lab hapa Nairobi, hizi ripoti tunazitoa sana, na naona watu wakiangukia pande mbili. Kuna wale wakiona neno staf wanadhani mgonjwa anaenda, wanaanza kuitisha dawa kali ya mshipa, alafu kuna wale wameambiwa "hiyo ni uchafu wa ngozi tu" wanarudi nyumbani na mgonjwa ana valvu ya moyo ya kuwekwa na homa haishuki. Wote wamesoma jina la mdudu wakaachia hapo, na jina peke yake haliamui kitu. Kinachoamua ni damu ilitolewa mara ngapi na wapi, iliota baada ya muda gani, na mgonjwa ana kitu gani mwilini ambacho hakuzaliwa nacho.

Hawa ni wadudu gani kwanza

Wako kwa ngozi yako saa hii unaposoma. Epidermidis ndo wengi zaidi, wako kwapani, puani, kinenani, kila mahali, na mwenzao S. capitis anapenda kichwa na uso. Hawakusumbui, tena wanashika nafasi ambayo wadudu wabaya zaidi wangeitaka. Kuosha mikono kunawapunguza lakini hakuna sabuni ya kuwamaliza, wala huhitaji kuwamaliza.

Kwa lab tukiona vikoloni vyeupe kwa sahani ya agari ya damu tunachukua kidogo tunaweka tone la haidrojeni peroksaidi, ikitoa povu hapo hapo tunajua ni staf si strep, kikundi kingine kinachofanana nao. Alafu tunachanganya na plazma ya sungura ndani ya tyubu ndogo, tunaiweka kwa joto la digrii 37, na baada ya masaa 4 tunaichungulia. Unainamisha tyubu polepole. Kama ni Staphylococcus aureus, yule mkali wa majipu na vidonda, plazma imeganda, haimwagiki. Kama bado inateleza vile iliingia unairudisha uiangalie tena kesho yake, na ikibaki maji hivo hivo ndo tunaandika koagulesi negativu, yaani hana koagulesi, kile kitu cha kugandisha plazma. Kwa hivo ni kikundi cha wadudu wengi tofauti waliowekwa pamoja kwa sababu ya kitu hawafanyi, na ndani yake kuna wapole na kuna mmoja ambaye si mpole hata kidogo, huyo nitamfikia.

Zamani hawakuogopwa. Mjerumani anaitwa Rosenbach alitenganisha staf kwa rangi mwaka wa 1884, wa njano akawaita aureus na weupe albus, na hao weupe madaktari kwa miaka mingi waliwachukulia kama wapita njia tu. Mambo yalibadilika watu walipoanza kuwekewa vitu mwilini: valvu za moyo, nyonga na magoti ya chuma, pesmeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo), katheta yaani mirija ya dialisisi, mirija ya kutoa maji kwa kichwa cha mtoto. Epidermidis akipata plastiki ama chuma anaishika, anajizungushia ute anakaa chini yake. Si unajua ule utelezi unashika ndani ya mtungi wa maji ukikaa miezi bila kusuguliwa, unasuuza na maji safi unaona bado uko? Ni hivo. Tunaita bayofilmu, na ndani yake dawa inafika kidogo, seli nyeupe zinashindwa, na wadudu wenyewe wamepunguza mwendo kiasi kwamba antibayotiki nyingi, ambazo huua mdudu anayekua, hazina la kufanya. Ndo maana mgonjwa anapata dawa wiki nzima homa inaisha, dawa ikikatwa homa inarudi. Mrija bado uko pale.

Hesabu dungo, si chupa

Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, hadi wengine wenye wamesomea hii kazi, kwa hivo nitakaa hapa kidogo.

Mtu mzima akitolewa damu ya kalcha kawaida inaenda kwa chupa mbili, moja ya hewa na moja isiyo na hewa, na hizo mbili zikitoka kwa dungo moja ni seti moja. Kuna mama alikuja dirishani akaniambia, "Daktari, hapa wameandika chupa mbili kwa mbili, si hiyo ni mbaya?" Nikamuuliza mzee alidungwa mara ngapi. "Mara moja tu, huku kwa mkono." Basi hiyo ni seti moja. Sindano ikipitia ngozi ambayo haikusafishwa vizuri itabeba wadudu wale wale hadi kwa chupa zote mbili, kwa hivo chupa mbili za dungo moja hazina nguvu unayofikiria. Kitu chenye nguvu ni seti mbili zilizotolewa sehemu mbili tofauti, tuseme mkono wa kulia na wa kushoto, zote ziote mdudu yuleyule mwenye majibu yaleyale ya dawa. Hapo bahati mbaya ya ngozi inakuwa ngumu kuaminika.

Kwa hivo swali la kwanza kumuuliza daktari ama sista: alitolewa seti ngapi, na ngapi zimeota? Ukiambiwa ni seti moja kati ya moja, na mgonjwa hana katheta wala kitu chochote cha kuwekwa, na amekaa vizuri, mara nyingi ni ngozi. Kama bado kuna shaka uliza kama wanaweza kurudia kabla ya kuanza antibayotiki. Narudia, KABLA. Ukishaanza dawa kalcha ya pili inaweza kutoka safi na bado hujui ile ya kwanza ilikuwa nini.

La pili ni muda. Chupa zikifika zinaingia kwa mashine ambayo inazichungulia kila dakika chache kwa siku 5. Infekisheni ya kweli mara nyingi inalia mapema, ndani ya siku ya kwanza, juu wadudu ni wengi kwa damu, na uchafu wa ngozi unapenda kuchelewa hadi siku ya pili ama ya tatu. Si sheria ya chuma, kuna ya kweli huchelewa na uchafu huwahi, lakini inasaidia, na mtu wa lab akiulizwa na daktari anakuwa na hiyo saa kwa rekodi. Kama mgonjwa ana katheta, daktari anaweza kutoa damu kwa katheta na nyingine kwa mkono kwa wakati mmoja na kiasi kilekile. Ile ya katheta ikiota masaa 2 ama zaidi mbele ya ya mkono, basi katheta ndo chanzo. Mimi hupenda sana hii hesabu, haina gharama ya ziada zaidi ya hizo chupa na inamaliza ubishi wa wodi nzima.

La tatu, mgonjwa mwenyewe. Homa, kutetemeka, presha kushuka, kidonda cha katheta kuwa chekundu ama kutoa usaha. Hakuna mashine itakuambia hii, ni wewe unayekaa naye. Ukisema "anatetemeka kila akiwekwa kwa mashine ya dialisisi, na siku zingine yuko sawa" umempa daktari kitu kikubwa, andika hadi masaa.

Ukiona damu inatolewa, angalia haya

Hutaki kuwa yule mtu wa kufundisha sista kazi yake, wodi imejaa na yuko peke yake. Lakini unaweza kuuliza kwa heshima, "Sista, samahani, hiyo spiriti si ingekauka kwanza?" Ngozi isuguliwe na klorheksidini yenye spiriti ama ayodini, alafu iachwe ikauke YENYEWE, isipepewe na isipanguswe. Klorheksidini ya spiriti inataka kama nusu dakika, ayodini inataka dakika moja na nusu hadi mbili. Dawa ikiwa bado mbichi haijamaliza kazi. Kosa lingine ni kusafisha vizuri alafu mtu anapapasa mshipa tena na kidole kabla ya kudunga, hapo umerudisha ngozi ya kidole pale. Na kifuniko cha chupa kikitolewa ile mpira ya juu bado haina usafi wa kutosha, ipanguswe na spiriti.

Damu iwe ya kutosha, kwa mtu mzima mililita 8 hadi 10 kila chupa. Ukiona wamechovya kidogo tu juu mshipa umeruka, uwezekano wa kukosa mdudu wa kweli unapanda sana. Na isitolewe kupitia kanula ya jana iliyo na dripu kwa sababu tu ni rahisi, hiyo ndo njia ya mkato ya kupata CoNS za uongo. Hospitali nyingi duniani zinajipimia kwamba kalcha chafu zisizidi asilimia 3 ya zote, na ukipita hapo watu wanamezeshwa dawa za bure na kulala kwa kitanda siku ambazo hawakuhitaji, na bili hiyo ni yako, hata bima ya SHA ikilipa sehemu.

Kusoma ile sehemu ya dawa

Chini ya jina kuna orodha ya dawa na herufi S, I na R. S dawa inafanya, R haifanyi, I inategemea dozi na mahali ugonjwa uko. Sasa angalia kama kuna sefoksitini ama oksasilini. Ikiwa R, hiyo staf ni sugu kwa methisilini, na maana yake ni kwamba fluklox, Ampiclox, Augmentin na hata seftriaksoni, ile sindano tunadungwa nayo kwa kila kitu hapa, HAZITAFANYA, hata kama kuna moja imeponyoka ikaandikwa S pembeni. CoNS za hospitalini wengi wao wako hivi. Hapo daktari kawaida anaenda kwa vankomaisini.

Vankomaisini si dawa ya kuomba kemisti, ni ya mshipa na inataka kuchungwa. Inaingia polepole, gramu moja isichukue chini ya dakika 60, ikikimbizwa mgonjwa anawasha mwili, anakuwa mwekundu usoni na shingoni na presha inaweza kushuka. Mara nyingi hiyo si aleji ya kumzuia dawa milele, ni mwendo tu, lakini ita sista mara moja wasimamishe kwanza. Figo zinapimwa, na penye uwezo upo kiwango cha dawa kwa damu kinapimwa pia. Kwa mgonjwa wa dialisisi dozi inapangwa na siku za mashine, kwa hivo akikosa kipindi cha dialisisi amekosa na dawa pia, mkumbushe daktari.

Alafu uliza swali ambalo watu wanaogopa: hii katheta inatoka ama inabaki? Ikitoka na mgonjwa akatulia, matibabu huwa mafupi, kama siku 5 hadi 7. Ikibaki kwa sababu hana mshipa mwingine, ni siku 10 hadi 14 na mara nyingi wanajaza antibayotiki ndani ya katheta yenyewe ikae pale kati ya vipindi, na bado kuna nafasi ishindwe. Valvu ya moyo na nyonga ya chuma ni hadithi nyingine, hapo ni wiki nyingi na pengine upasuaji, usikubali kumalizwa na kozi ya siku tano bila kuambiwa kwa nini.

Kama mgonjwa ana katheta ya shingoni nyumbani

Wengi wa wagonjwa wa dialisisi hapa mjini wanaanza na hiyo, Permcath, na wengine wanakaa nayo kuliko ilivyotakiwa wakingoja fistula, yaani mshipa wa mkono unaotengenezwa kwa upasuaji wa kudungia dialisisi. Fistula ni bora mbali sana, hakuna plastiki inayokaa nje ya ngozi, kwa hivo kazi ya kwanza ni kusukuma hiyo clinic ya fistula isiahirishwe ahirishwe, na mkono uliochaguliwa usidungwe wala usipimwe presha.

Kwa sasa, katheta isiguse maji. Kuoga ni kwa beseni: miguu hadi kiunoni unaoga kawaida, juu unapangusa na kitambaa, nywele zioshwe umeinama nyuma mtu mwingine akimwaga maji. Bafu ya kushea kwa ploti yenye mvuke na matone ya kila upande si rafiki. Bandeji ikilowa ama ikiinuka pembeni usingoje siku ya dialisisi, piga simu kwa kitengo uulize kama uende ibadilishwe, na wewe usiifungue kuchungulia. Kwa matatu usiruhusu mkanda wa begi upite juu yake, na kwa ile ya saa kumi na mbili asubuhi yenye watu wamesimama, kaa dirishani upande ambao bega lenye katheta halisukumwi. Vile vifuniko viwili na klipu zake vinafunguliwa na sista wa dialisisi peke yake. Ukiwa umelazwa pahali pengine kwa sababu nyingine na mtu anataka kutoa damu ama kuweka dripu hapo kwa sababu mishipa ni migumu, sema hapana kwa upole, na umwambie apigie kitengo chako. Wakati inafunguliwa wewe na sista mvae maski wote wawili, na ugeuze uso. Kifuniko kikianguka hakikisha klipu imefungwa, alafu nenda hospitali. Ikichomoka kabisa, bonyeza pale kwa nguvu na kitambaa safi, lala chini, mtu aite usaidizi.

Homa ama kutetemeka kwa mtu mwenye katheta ni hospitali siku hiyo hiyo. Usianze na malaria ya kemisti. Unapoteza siku mbili.

Watoto wa njiti

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu ni kazi ya nasari ya hospitali, lakini wazazi wanauliza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati akiwa ameshamaliza siku kama tatu na ana laini, yaani mrija wa dawa, ya kitovu ama ya mkono, CoNS ni mmoja wa wadudu wanaopatikana sana kwa damu yake. Shida ni kwamba damu yake ni kidogo, wanatoa mililita moja hivi kwa chupa moja, kwa hivo ile hesabu ya seti mbili mara nyingi haipo. Daktari anaangalia mtoto: anasahau kupumua, moyo unapunguza mwendo, joto linapanda na kushuka, maziwa hayakai, platelets, zile chembe za kugandisha damu, zinashuka. Wewe kama mzazi kazi yako ni kuosha mikono hadi kwenye kiwiko kila ukiingia, saa na pete zitoke, maziwa yako yaendelee kukamuliwa, na ukiulizwa kuhusu kangaruu, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, ukubali.

Yule asiye mpole

Ukiona Staphylococcus lugdunensis, sahau yote niliyosema kuhusu uchafu wa ngozi. Huyu yuko kwa kikundi hiki lakini tabia yake ni ya aureus kabisa, anakula valvu ya moyo hata ya kuzaliwa nayo, anafanya majipu, na alitambuliwa kama aina yake peke yake mwaka wa 1988 tu. Hata chupa moja inataka daktari aketi chini, na mara nyingi wanaitisha eko, ultrasaundi ya moyo. Pia anaweza kudanganya ile tesiti ya haraka ya slaidi ya koagulesi, kwa hivo maabara ambayo haina mashine nzuri inaweza kumuita aureus. Kwa mgonjwa si mbaya sana, atachukuliwa siriasi. Kinachoniudhi ni maabara inayoandika CoNS tu bila kutaja aina wakati mgonjwa ana homa na seti mbili zimeota. Unaweza kuomba: "Tafadhali mtaje aina yake." Wanaotuma sampuli kwa maabara kubwa wanaweza kuitambua.

Na huyu wa mkojo

Kama karatasi yako ni ya mkojo, si ya damu, na imeandikwa S. saprophyticus, ni mambo tofauti. Huyu anapenda wanawake vijana wanaofanya mapenzi, analeta kuchoma wakati wa kukojoa na kwenda chooni kila dakika, na si ugonjwa wa zinaa wala si aibu. Kwa lab tunamjua kwa kuwa anakataa kufa na dawa ya novobaiosini. Kile kijiti cha mkojo kinaweza kuonyesha naitraiti negativu na bado yuko, kwa sababu hatengenezi naitraiti, kwa hivo usikubali kuambiwa "hakuna kitu" kama unachomwa na kijiti kimeonyesha seli nyeupe. Kwa kawaida anaitika kwa naitrofurantoini ya siku 5, daktari akiandika. Ila ukiwa na homa na maumivu ya ubavu, hiyo huenda imepanda kwa figo na naitrofurantoini haitoshi, nenda uonwe, na ukiwa na mimba pia nenda uonwe.

Kabla ya kutoka hospitali piga picha ya ripoti yote, si ukurasa wa kwanza tu, na pembeni kwa notisi za simu uandike tarehe ya kutolewa damu, seti ngapi, mkono upi ama katheta, na dawa ilianza lini na dozi gani. Picha hiyo ionyeshe kwa kila clinic, hata ya meno.